Siku ya kubadilishana bidhaa hatari za nyumbani: huduma inayostahili kuungwa mkono

Majirani walioandaa siku hii, ambapo mtu huleta rangi, viyeyusho na visafishio asivyovihitaji na kuchukua atakavyovitumia, wamefanya kazi ya kupongezwa. Kilichonivutia zaidi ni meza ya ukaguzi. Kila kopo la rangi lilifunguliwa na kukorogwa kwa kijiti ili ijulikane kama rangi bado inachanganyika au imeganda mabonge, na kimiminika chochote kilichohamishiwa kwenye chupa ya soda hakikuwekwa mezani, kwa kuwa mtoto anaweza kukinywa akidhani ni kinywaji. Dawa za wadudu zisizo na lebo hazikugawiwa kabisa, bali zilitengwa zipelekwe kwa wataalamu wa taka hatari; nami naona hapo hapana nafasi ya kulegeza kamba.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo iliwekwa mbali na tindikali ya kusafishia choo na visafishio vyenye amonia, maana klorini ikichanganyika na kimojawapo hutoa gesi inayodhuru mapafu. Wahudumu walivaa glavu na miwani, na walijibu maswali kwa subira.

Kasoro kubwa ilikuwa ukumbi wenyewe: madirisha yalikuwa machache, na harufu ya tina na tapentaini, yaani viyeyusho vya rangi, ilitanda mapema. Mvuke wake huumiza kichwa na hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo nashauri meza ya viyeyusho hivyo ihamishiwe nje, kivulini, pamoja na ndoo ya mchanga mkavu wa kufyonza kitakachomwagika.