Kipimo cha damu cha mzio wa machungwa: kizuri, ila majibu yanahitaji daktari
Kila nilipokula chungwa, midomo ilianza kuwasha na kuvimba kabla sijamaliza kipande cha pili, ndipo daktari akaniagizia kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili za IgE (protini za kinga ya mwili zinazohusika na mzio) dhidi ya chungwa na limau. Kilihitaji kichupa kimoja tu cha damu, wala sikulazimika kuacha dawa za mzio, ambazo kipimo cha ngozi hutaka zisimamishwe siku kadhaa kabla. Kwa hilo nakisifu kwa dhati.

Kasoro ilikuwa katika maelezo. Maabara ilinikabidhi karatasi yenye neno "chanya" kwa kuwa viwango vyote viwili vilivuka kilouniti 0.35 kwa lita, bila kunieleza kwamba namba hiyo huonyesha tu kuwa mwili umetengeneza kingamwili, si lazima udhurike, na kwamba hata mzio wa chavua unaweza kuleta majibu kama hayo kwa sababu baadhi ya protini zinafanana. Limau, nililolitumia miaka yote bila shida, nililiacha miezi miwili bure, hadi daktari alipoyasoma majibu pamoja na historia yangu. Kipimo hiki ningekirudia. Kile cha IgG, aina nyingine ya kingamwili, kinachouzwa kwa madai ya kugundua mzio wa chakula nisingekilipia, kwani hakiugundui.