Chai ya barafu ya Kithai nyumbani: pakiti ya dukani na majani ya Kericho

Kwa muda wa majuma matatu ya kaskazi, wakati joto la Mombasa halikupoa hata usiku, nimekuwa nikitengeneza nyumbani chai ya barafu ya Kithai, kinywaji ambacho wenyewe hukiita cha yen, yaani chai baridi. Nimetumia majani yaliyochanganywa tayari ya pakiti, kisha majani yetu ya Kericho, na mwishowe nikavitia vyote viwili katika birika moja. Rai yangu naitoa mapema: pakiti inafaa kwa rangi na harufu, lakini uzito wa chai yenyewe nimeupata katika majani ya hapa kwetu.

Pakiti ya kwanza niliinunua katika duka moja la Nyali. Nilipofika nyumbani nikabandua kibandiko cha bei, nikakuta chini yake tarehe ya mwisho wa matumizi, nayo ilikuwa imepita kwa miezi mitano. Nilirudi na risiti, nikajibiwa, "Mama, chai haiozi." Ni kweli kwamba majani makavu hayaozi upesi, lakini manukato yake huruka, na katika chai iliyotiwa manukato kwa makusudi hasara hiyo ndiyo kubwa. Birika nililolitengeneza kwa pakiti ile lilikuwa na rangi ya kuvutia na ladha ya maji ya karatasi. Kwa hiyo namsihi kila mnunuzi aisome tarehe akiwa bado dukani, hata kama itambidi aombe kibandiko kibanduliwe.

Ya pili niliipata mjini kwa muuzaji mwingine, nayo ilikuwa mpya. Jina kubwa katika biashara hii ni ChaTraMue, inayouza chai huko Thailand tangu mwaka 1945. Pakiti zangu zilikuwa za watengenezaji wengine. Nilipoikata, harufu ya vanila ilijaa jikoni kabla sijatia kijiko. Majani ni laini, yamekaribia kuwa unga, na punje chache zilizodondoka juu ya meza yenye majimaji ziliacha doa la rangi ya chungwa ambalo nililisugua mara tatu ndipo likatoka. Rangi hiyo haitokani na chai. Orodha iliyo nyuma ya pakiti inaitaja E110, rangi ya kutengenezwa ambayo katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2010, chakula kilichotiwa rangi hiyo hulazimika kubeba onyo kwamba huenda ikaathiri utulivu na usikivu wa watoto. Mimi siwapi watoto wadogo chai hii, na ningependa wauzaji wetu wawaeleze wateja jambo hilo waziwazi.

Kosa langu kubwa katika utengenezaji lilitokana na mazoea. Sisi chai ya maziwa tunaitokosa, tunaiacha ipande na kushuka sufuriani hadi iwe nzito, nami nikayafanya majani ya pakiti vivyo hivyo. Chai ikatoka chungu, yenye kukausha ulimi. Njia iliyofaa ni kuyatia majani katika mfuko wa kitambaa, kuyamiminia maji yaliyotoka kuchemka, kisha kuuinua na kuutumbukiza mfuko kwa dakika kama tano. Kwa kukosa mfuko wa Kithai wenye mshikio, nilishona wa melimeli, nao ulichuja vizuri kuliko kichujio changu cha waya, kilichopitisha unga wote.

Chai hii lazima iwe nzito kupita ile ya kikombe cha asubuhi, kwa kuwa itakutana na maziwa na barafu. Nilitumia gramu 40 za majani kwa nusu lita ya maji. Sukari na maziwa mazito matamu ya kopo, vijiko vitatu vikubwa, hutiwa chai ikiwa moto, maana sukari iliyochelewa hukaa chini ya jagi. Maziwa hayo si utamu tu: protini yake hushikana na tanini za chai, na ule ukali hulainika. Asishtuke mtu akiona chai isiyotiwa maziwa aliyoiweka kwenye friji imepoteza uangavu wake. Hutokea chai nzito inapopoa, wala haijaharibika. Barafu niliifunga katika taulo nikaiponda kwa mchi, nikaijaza bilauri hadi mdomoni, nikamimina chai, kisha juu yake maziwa ya kopo yasiyo na sukari. Maziwa yale hushuka polepole kati ya vipande vya barafu, nyuzi nyeupe ndani ya rangi ya machungwa, na nakiri kwamba kila mara nilisita kukoroga.

Sasa nije kwenye majani ya Kericho. Tunaishi katika mji wenye mnada mkubwa wa chai, na majani yetu, yanayosagwa kwa mashine kuwa punje ndogo, hutoa rangi na nguvu kwa haraka, yaani sifa zile zile zinazohitajika hapa. Nilikwenda Marikiti kutafuta kile kiungo chenye umbo la nyota ambacho watengenezaji wengi wa chai ya Kithai hukitumia. Mzee aliyeniuzia alinitahadharisha, "Hiyo mwanangu ni ya biriani," lakini nyota moja pamoja na iliki mbili ziliipa chai harufu nzuri mno. Chai hiyo isiyo na pakiti ilikuwa ya hudhurungi tu, na vanila niliikosa, ila kwa ladha iliizidi ile ya pakiti peke yake.

Iliyonyamazisha watu nyumbani ni ya nusu kwa nusu: gramu 20 za pakiti, gramu 20 za Kericho, nyota moja. Shangazi yangu, ambaye hanywi chai isiyotoa moshi, alimaliza bilauri akauliza kama jagini imebaki. Pakiti niliinunua kwa bei ya pakiti nne za majani yetu, na kwa mchanganyiko huu inadumu mara mbili. Iliyosalia nimeihamishia katika kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, mbali na jiko.