Mianzi ya kusitiri ua: ipi ununue, ipi uiache kitaluni

Anayeishi kwenye kiwanja cha mjini, iwe Arusha, Morogoro au Nairobi, anajua jinsi ghorofa moja linalopanda upande wa pili wa ukuta linavyoweza kuondoa sitara ya ua mzima, hata kamba ya nguo, jiko la nje na mkeka wa watoto vyote vikawa mbele ya dirisha la mtu mwingine. Wengi hapo hukimbilia mianzi, na hawakosei. Wanapokosea ni kitaluni, wanapochagua mche kwa urefu na rangi yake, ilhali wanachonunua hasa kipo chini ya udongo.

Ufito wa mwanzi hutoka ardhini ukiwa na unene wake wote, hurefuka kwa miezi michache, kisha haurefuki tena wala kunenepa. Mche wenye fito za mita mbili haukupi fito za mita nne kwa kukua kwa hizo hizo. Mita nne zitaletwa na machipukizi mapya, ambayo kila msimu wa mvua hutoka kwenye shina la ardhini yakiwa marefu kuliko yaliyoyatangulia. Shina hilo ndilo linaloigawa mianzi mafungu mawili: ile ambayo shina lake ni fupi na hukusanyika pamoja kama mgomba na watoto wake, na ile ambayo shina lake hutambaa mbali na kuchipua linakotaka. Kwa ua wa nyumba, nunua ya kukusanyika.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni Bambusa multiplex. Hufikia kati ya mita 3 na 7, fito zake ni nyembamba, majani yake ni mengi na hubaki mwaka mzima, na huanzia chini, jambo ambalo mnunuzi wa sitara anapaswa kulijali kuliko yote, kwa kuwa anayepita njiani hutazama kwa usawa wa macho yake, si wa paa. Hukubali kukatwa juu ukitaka ua ulionyooka. Ipo pia aina yenye fito za njano na mistari ya kijani, ambayo kwa kazi hii haizidi ile ya kijani tupu kwa lolote isipokuwa sura. Ukipanda kwa nafasi ya mita 1.2, ukuta wa mita 20 utahitaji miche kama 17. Usishawishiwe kubananisha zaidi ya hapo, maana mafungu yatajaza mapengo yenyewe.

La pili, kwa mwenye kiwanja kikubwa tu, ni Bambusa vulgaris, ule mwanzi mnene wa njano wenye michirizi ya kijani unaoonekana kwenye bustani nyingi za pwani na bara. Huchipua hata kwa kipande cha ufito wenye mafundo, kwa hiyo miche yake si adimu. Lakini hupanda mita 10 hadi 20, hudondosha majani kwenye mifereji ya paa, na sehemu yake ya chini huwa wazi kiasi kwamba utahitaji vichaka vifupi mbele yake. Uweke mbali na ukuta, mbali na shimo la maji taka, na mbali na nyaya za umeme.

La tatu ni mwanzi wa ulanzi, ule unaogemwa pombe ya ulanzi, unaojulikana vizuri na watu wa Iringa na Njombe. Hustahimili ukame kuliko wenzake na hukua kwa kukusanyika. Kasoro yake ni kwamba kiangazi hupukutisha majani mengi, yaani sitara inapungua wakati watu wanapokaa nje zaidi. Mwanzi wa milimani, Yushania alpina, unaofunika miteremko ya Mlima Kenya na Rungwe, unawafaa wakazi wa nyanda za baridi peke yao. Ukiupeleka kwenye joto la Dar es Salaam utakuwa umetupa fedha.

Wa mwisho, ambao singeupanda tena hata nikipewa bure, ni Phyllostachys aurea. Niliuziwa kwa jina la "mwanzi wa dhahabu", jina ambalo wauzaji huupa pia ule wa njano niliokwisha kuutaja. Miaka miwili ulitulia. Mwaka wa tatu machipukizi yalitokea katikati ya migomba ya jirani, nami nikatumia siku nne kuchimba mashina yaliyopita chini ya msingi wa ukuta. Jirani alinivumilia, si kila jirani atakuvumilia.

Kwa sababu hiyo usiamini jina, shika ufito mkononi. Tazama fundo lolote lenye matawi: Phyllostachys hutoa matawi mawili, moja kubwa na moja dogo, na ukipitisha kidole juu ya fundo utahisi mfereji uliobonyea kwenye pingili, Bambusa hutoa matawi mengi yaliyojikusanya mahali pamoja, na pingili yake ni mviringo kabisa. Kisha tazama kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliobeba mche. Machipukizi yanayobana mguu wa ufito wa zamani ni dalili njema, yanayochomoza pembezoni au kutoboa plastiki ni onyo. Kati ya mche mrefu wenye ufito mmoja na mfupi wenye machipukizi matatu, lipia mfupi. Kipandikizi chenye majani mabichi lakini kisicho na chipukizi hata moja kutoka udongoni kiache, kwa kuwa huenda bado hakijatengeneza shina la ardhini, na majani hayo yanaishi kwa akiba ya ufito tu.

Nunua mvua zinapoanza, ili mche upate msimu wote wa kuchipua. Chimba shimo lenye upana mara mbili ya kiriba, changanya samadi iliyooza, mwagilia kila baada ya siku mbili au tatu mvua zikikatika, na majani yanayodondoka yaache chini kama matandazo. Kuanzia mwaka wa nne, kata fito kuukuu usawa wa ardhi, ukianza na zilizo katikati ya fungu.