Kiyoyozi cha paani: nilivyokaribia kununua kipya bila sababu

Maoni haya yanahusu karakana mbili za mafundi wa baridi mjini Lubumbashi, ambazo sitazitaja kwa majina, na swali lililonipeleka kwao: je, pampu ya joto iliyo juu ya paa la gari la malazi itengenezwe, au ing'olewe na mahali pake pawekwe nyingine mpya? Karakana ya kwanza ilinijibu kwa dakika mbili. Ya pili ilitumia asubuhi nzima, na jibu lake liliniokolea pesa ambazo sikuwa nazo.

Gari lenyewe ni lile ambalo wenye Kifaransa huliita kampingikari, lenye vitanda vinne, jiko dogo na choo. Mimi na mdogo wangu tulilinunua likiwa limetumika Ubelgiji, likaja kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha likapita Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo. Tunalikodisha kwa wanajiolojia, kwa watafiti, na mara mojamoja kwa familia zinazotaka kwenda kutazama maporomoko ya Kiubo bila kulala chini ya turubai. Juu ya paa lake kuna mashine moja inayotoa ubaridi mwezi Oktoba na joto mwezi Juni, na mtu asiyeijua Lubumbashi anaweza kudhani kwamba hilo la pili ni anasa. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200, na usiku wa Juni au Julai kipimo hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10. Ukuta wa gari si tofali. Saa nane za usiku pumzi ya mtu aliyelala humo huonekana kama moshi.

Tatizo lilijitokeza katikati ya Juni. Wateja waliorudi kutoka nyanda za juu za Kundelungu walisema kwamba kila walipoweka mashine kwenye joto, ilipuliza hewa baridi. Hilo lilinisikitisha, lakini kilichonitisha ni majivu niliyoyakuta katika sinki. Walikuwa wamewasha babula, yaani jiko la makaa, ndani ya gari, milango na madirisha yakiwa yamefungwa. Moshi wa makaa una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini. Tangu siku hiyo mkataba wetu wa kukodisha una mstari unaokataza babula, na mashine ya paani ikawa jambo la kushughulikiwa wiki hiyohiyo.

Katika karakana ya kwanza, fundi hakupanda juu. Alisimama chini, akasikiliza mashine ikizunguka, akauliza umri wake, nikamwambia miaka tisa. Hukumu yake ilikuwa kwamba vali ya kugeuza imekufa, kwamba vali hiyo iko ndani ya mzunguko wa gesi, na kwamba hakuna mtu mwenye akili anayefungua mzunguko wa mashine ya aina hiyo. Devi, yaani makadirio ya bei, aliyoniandikia ilifika dola 1,950 pamoja na usafirishaji, nusu ilipwe kabla, na mashine mpya isubiriwe kwa wiki sita hadi nane.

Ili nimtendee haki, nieleze kwa nini maneno yake hayakuwa upuuzi. Pampu ya joto ina kompresa inayosukuma gesi, radieta mbili, feni, na ile vali ambayo hugeuza njia ya gesi. Ikielekea upande mmoja, mashine huchukua joto la ndani ya gari na kulitupa nje. Ikigeuzwa, huchukua joto lililomo katika hewa ya nje, hata hewa ya nyuzi 10, na kulileta ndani. Kwa kila kipimo kimoja cha umeme, mashine isiyo na kasoro hutoa vipimo viwili hadi vitatu vya joto, na kwa sisi tunaotegemea jenereta porini, tofauti kati yake na hita ya waya ni tofauti ya madumu ya mafuta. Hewa ya nje ikikaribia nyuzi 4 au 5, radieta ya nje huanza kuganda na mashine nyingi za paani hujizima au huchoka, lakini hapa mjini usiku wa namna hiyo si mwingi. Kasoro ya mashine hizi ni kwamba nyingi hufungwa kiwandani kabisa, bila tundu la kuingizia gesi. Fundi anayetaka kubadilisha vali lazima anyonye gesi yote, akate mabomba ya shaba, ayaunge tena kwa kuyachomea madini ya fedha huku akipitisha naitrojeni ili masizi yasibaki ndani, avute hewa kwa pampu, kisha apime gesi mpya kwa mizani. Kazi hiyo ikifanywa Ulaya, saa za fundi peke yake hukaribia bei ya mashine, na ndiyo maana wenzetu wa huko hung'oa na kuweka mpya bila majuto. Fundi wa kwanza aliichukua kanuni ya huko na kuileta hapa kama ilivyo. Kosa lake kubwa, hata hivyo, lilikuwa jingine: hakupima kitu chochote.

Karakana ya pili iko katika ua wa nyuma wa nyumba, komini (mtaa wa kiutawala) ya Kampemba, kati ya friji za baa na viyoyozi vya nyumba vilivyolazwa kifudifudi. Nilielekezwa huko na dereva wa lori la nyama. Fundi alivua viatu kabla ya kupanda, kwa sababu paa la gari kama hili ni sandwichi ya bati jembamba na povu, na kisigino kimoja kibaya huacha shimo litakalovuja hadi mwisho wa dunia. Alifungua kifuniko cha plastiki, akatoa kiota cha nyigu, akatoa na vumbi jekundu la barabara ya Kolwezi, ambalo lilikuwa limeganda katikati ya mapezi ya radieta mithili ya matofali mabichi. Kisha akaniomba nikae ndani na kubadilisha kidhibiti kutoka baridi hadi joto, tena na tena, kila alipopiga bati mara moja.

Vali ya kugeuza ina sehemu mbili. Kiwiliwili chake cha shaba kimo ndani ya mzunguko wa gesi, na hapo fundi wa kwanza alikuwa amesema kweli. Lakini kinachoisukuma ni bobini, yaani sumaku ya umeme inayovalishwa kwa nje juu ya kijiti cha vali na kushikwa na skrubu moja. Fundi alipima nyaya zinazofika kwenye bobini nilipoweka joto, akakuta volti 220 zimefika salama. Akachomoa bobini yenyewe na kupima ukinzani wake, na kipimo hakikuonyesha njia yoyote. Waya wa ndani ulikuwa umeungua na kukatika. Umeme ulikuwa unafika mlangoni na kukosa wa kuupokea. Aliinama ukingoni mwa paa akaniambia kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Papa, kompresa iko muzima. Njo bobini inaungua, vali haina shida."

Sikuamini, naye hakuniomba niamini. Alichukua bobini kutoka kwenye kiyoyozi cha nyumba kilichokufa, cha volti zilezile, akaivalisha kwenye kijiti na kuunganisha. Nikaweka joto. Paani palisikika mlio mfupi kama wa kitasa kinachofungwa, kisha sauti ya gesi ikikimbia, na baada ya dakika chache kipimajoto alichokuwa amekitundika kwenye tundu la hewa kilisoma nyuzi 35, wakati hewa ya ndani ya gari ilikuwa 14.

Hakuishia hapo. Kapasita ya kompresa, kifaa cha umeme kinachoisaidia kuanza, ambayo kwa maandishi yake ilipaswa kuwa na maikrofaradi 35, ilipimwa ikawa na 24. Kapasita dhaifu hainyamazishi mashine mara moja. Huifanya kompresa ihangaike kila inapoanza, na ukichanganya udhaifu huo na umeme wa mtaani, ambao nyumbani kwangu saa moja jioni nimeukuta kwenye volti 180, unapata kompresa inayochemka polepole hadi ife. Nami nilikuwa nimemlaumu jenereta wangu kwa kuguna.

Bili ilikuwa hivi: dola 20 za kupima, 25 za bobini mpya, 8 za kapasita, na 60 za kazi pamoja na kuosha radieta zote mbili, jumla dola 113. Bobini mpya ilichukua siku tatu kupatikana, kwa kuwa fundi alikataa kuniachia ile ya mtumba.

Kutokana na asubuhi ile, swali langu la kutengeneza au kubadilisha lina mpaka unaoonekana kwa macho, nao ni mabomba ya shaba. Kilicho nje ya mabomba, yaani bobini, kapasita, mota ya feni, kidhibiti, kadi ya umeme, nyaya na uchafu, kitengenezwe hata kama mashine ina miaka kumi na miwili. Kilicho ndani ndicho kinachohitaji hesabu, na hapa Lubumbashi hesabu hiyo haifanani na ya Brussels, kwa sababu mkono wa fundi ni nafuu na njia ya mzigo ni ndefu. Vali iliyokwama kweli, kwenye mashine yenye kompresa nzima, ningeitengeneza, mradi fundi awe na mizani. Mashine ya paani hubeba gesi kidogo sana. Yangu imeandikwa gramu 550. Anayeongeza kwa kukisia, akigusa bomba na kusema "inatosha", anaweza kukosea gramu 80 bila kujua, na kwenye kiasi kidogo hivyo kosa hilo linatosha kuidhoofisha mashine. Nilipomuuliza fundi wa Kampemba, alinionyesha mizani yake kabla sijamaliza swali. Kompresa iliyoungua nyaya, au radieta iliyotoboka katikati ya mapezi, nisingeigusa. Hapo ni mashine mpya. Vivyo hivyo kwa mashine ya zamani yenye R-22, gesi ambayo Itifaki ya Montreal inaiondoa sokoni hatua kwa hatua.

Kuna mtego mmoja kwa anayeamua kununua. Niliwahi kuonyeshwa mashine ya Marekani, mpya kabisa, kwa bei ya kupendeza. Mashine za huko kwa kawaida ni za volti 115 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), wakati umeme wetu ni wa 220 na 50. Transfoma hupunguza volti lakini haibadilishi hezi, kwa hiyo kompresa huzunguka polepole kwa sehemu moja katika sita na kupata joto lisilo lake. Isitoshe, tundu la paa kwa vipimo vya Marekani ni kama sentimita 36 kwa 36, na magari mengi ya Ulaya yana 40 kwa 40. Tofauti ya sentimita nne inaonekana ndogo mpaka mvua ya Januari ianze.

Jambo ambalo devi ya kwanza haikulihesabu ni majira. Gari kama letu hupata riziki kuanzia Mei hadi Oktoba, barabara zikiwa kavu. Kulisimamisha wiki nane kuanzia Juni ili kungoja kontena kungetugharimu zaidi ya mashine yenyewe. Kwa hiyo hata kama vali ingekuwa imekufa kweli, ningetafuta njia ya kuivusha hadi Novemba, kisha kuagiza mpya wakati gari limelala uani na hakuna anayeliulizia.

Karakana ya Kampemba ina mapungufu yake. Haitoi risiti mpaka uiombe, na niliyopewa iliandikwa nyuma ya kalenda. Dhamana ni ya mdomo. Skrubu moja ya kifuniko haikukazwa vizuri, na kwenye barabara ya Likasi ilianza kupiga kelele kiasi kwamba dereva alisimama akidhani tairi limepasuka. Zaidi ya yote, fundi hakugusa mpira uliopo kati ya mashine na paa, ambao baada ya miaka tisa umebonyea na kuwa mgumu. Nilipomuuliza, alisema kazi ya paa ni ya mtu wa karoseri, yaani fundi wa bodi za magari. Jibu hilo ni la kweli, lakini ningependa aniambie kabla sijauliza.

Sasa ni Oktoba. Jana saa tisa alasiri nje kulikuwa na nyuzi 33, na baada ya dakika arobaini ndani ya gari kulikuwa na 25, jenereta ikiwa kimya kuliko wakati wowote tangu tulinunue. Mpira mpya wa paa nimeshaagiza, na mtu wa karoseri amenipa Jumatatu, kabla mawingu yanayojikusanya upande wa Kipushi hayajafanya uamuzi wao.