TAHADHARI: "Seti kamili ya fundi" ya Sh 145,000 inayouzwa mtandaoni, msitume hela

Ndugu zangu, salaam. Naandika kwa haraka kwa sababu jana usiku nimeliona tena tangazo lile lile, picha zile zile, ila ukurasa umebadilishwa jina. Kama una viti vilivyolegea au kabati bovu nyumbani na unawaza kuagiza vifaa ukarabati mwenyewe, tafadhali soma hapa kabla hujatuma hata shilingi.

Mimi nakaa Morogoro. Marehemu baba alituachia viti sita vya mninga vya mezani, vina zaidi ya miaka 30. Mbao yenyewe nzima kabisa, lakini viungo vimeachia. Ukikaa kiti kinayumba, na viwili migongo ilishachomoka. Nikasema ninunue vifaa nivirudishe polepole jioni baada ya kazi. Ndipo likapita tangazo kwenye simu: vipande 42, drili ya betri ya 48V, patasi za chuma cha Sheffield, klampu, nyundo, msasa, ofa mwisho Jumapili, tunatuma mikoa yote.

Kilichonivuta ni hilo neno Sheffield. Kwenye sanduku la baba ipo patasi moja ya zamani iliyogongwa maandishi SHEFFIELD ENGLAND kwenye shingo. Ni mji wa Uingereza uliojulikana kwa chuma cha visu na patasi kwa karne nyingi, na baba alikuwa hamwazimi mtu patasi ile. Nikaamini.

Nilipokuwa natuma hela, kabla sijaweka namba ya siri, jina lililotokea lilikuwa la mtu binafsi, si la duka. Nikauliza. Jibu likaja palepale: "Huyo ni mhasibu wetu, dada, usiwe na wasiwasi." Nikatuma. Hapo ndipo pa kusimama, jamani. Mwenye duka la kweli anakupa lipa namba yenye jina la biashara yake, na ukimwomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anajua unasema nini.

Mzigo ulifika stendi ya Msamvu hapa Morogoro siku ya nne kwa basi. Vipande 42 vilitimia kweli, maana karatasi za msasa na vichwa vya bisibisi navyo vilihesabiwa kimoja kimoja.

Nianze na nyundo, kwa sababu ndiyo ingeleta msiba. Kichwa kilikaa kwenye mpini bila kabari, kimeshikizwa kwa gundi tu. Pigo la tatu kikaruka, kikagonga ukuta karibu na alipokuwa amesimama mwanangu wa miaka saba. Sikuendelea na kazi siku ile.

Drili nikaipeleka kwa fundi simu wa hapa mtaani, kwa sababu ilizunguka kidogo ikazima. Akaifungua betri mbele yangu. Ndani mlikuwa na selli tano za mviringo, zile zile zinazokaa kwenye pawabenki. Kila selli ya aina hiyo ni ya volti 3.6 au 3.7. Tano zikiungwa kwa mfululizo unapata kama volti 18, basi. Ili ufikie 48 unahitaji selli kama 13, na lile boksi lisingeweza kuzibeba. Kwa hiyo hiyo 48V ni stika tu. Ukikutana na drili ya mkono, nyepesi, ya bei ya chini, iliyoandikwa 48V au zaidi, ujue unadanganywa hata kabla hujaigusa.

Patasi zilinichoma roho zaidi. Zilikuwa nne, zinang'aa, mipini mizuri ya njano. Nikaanza kukwangua gundi kuukuu kwenye ulimi wa kiti, ile ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu la kiungo. Mninga si mti mgumu wa kushinda patasi, unachongeka vizuri. Lakini baada ya mikwaruzo kama kumi, makali yakajikunja upande kama ukingo wa kopo la bati. Nikanoa, yakajikunja tena. Maandishi ya Sheffield nikayasugua kwa pamba yenye spiriti, yakatoka yote pambani. Ilikuwa rangi. Yale ya patasi ya baba yamegongwa ndani ya chuma. Ukipitisha kidole unayasikia.

Fundi seremala mmoja mzee wa hapa ndiye aliyenionyesha namna ya kupima, na hili nataka mlichukue. Beba tupa ndogo. Iburute taratibu kwenye bapa la patasi, karibu na makali. Chuma kilichochomwa kikaiva kinaikataa tupa: inateleza, na unasikia mlio mwembamba kama wa kioo. Chuma laini kinaumwa: tupa inashika, inaacha mkwaruzo unaong'aa na unga wa chuma. Patasi zangu zote nne ziliumwa. Ile ya baba iliteleza. Msikubali mtu awapime kwa sumaku, maana chuma laini na kigumu vyote vinashikwa na sumaku. Na herufi CR-V kwenye bisibisi zisikutulize. Maana yake ni kromi na vanadi, lakini mhuri anaugonga yeyote.

Klampu mbili: moja ilikatika kwenye kona nilipoikaza, na pale palipokatika ndani pana chembechembe za kijivu. Ni chuma cha kumimina kibovu. Msasa ulikuwa wa namba tatu, 80, 120 na 180, ila namba zimeandikwa nyuma kwa kalamu na ukipapasa karatasi zote zina ukali sawa. Msasa wa kweli namba yake imechapwa kiwandani.

Nilipowaandikia, waliniuliza kwanza kama nimefungua boksi. Nikasema ndiyo. Wakasema basi haurudishwi. Nikatuma video ya nyundo. Wakanizuia. Nikapiga huduma kwa wateja ya mtandao wa simu kuomba muamala urudishwe, nikaambiwa hela ilishatolewa siku ile ile. Kwa hiyo ukihisi umeibiwa piga dakika hiyo hiyo, usisubiri mzigo kama nilivyosubiri mimi.

Sasa, kwa anayetaka kweli kukarabati viti. Nimevimaliza vitatu na ninachoandika nimekifanya kwa mikono yangu. Huhitaji vipande 42. Drili sijaihitaji hata mara moja. Nilitumia patasi moja nzuri ya upana wa milimita 12 hivi, jiwe la kunolea, nyundo ya mpira ya kugongea viungo viachie bila kuumiza mbao, msasa, na gundi nyeupe ya mbao. Nilinunua kimoja kimoja dukani, nikakishika, nikakipima. Jumla haikufika nusu ya nilichotapeliwa.

Kazi yenyewe inategemea zaidi kukwangua kuliko vifaa. Gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu, kwa hiyo kwangua mpaka uone mbao yenyewe, kwenye ulimi na ndani ya tundu. Funga kitambaa puani, vumbi la mninga linawasha vibaya. Klampu nayo si lazima. Yule mzee alinifundisha kuzungusha kamba ya katani mara mbili kwenye miguu ya kiti, kupenyeza kijiti katikati na kusokota mpaka viungo vibane na gundi ichuruzike kidogo. Weka kitambaa kwenye kona kamba isiache alama, kisha pima kwa mshazari, kona mpaka kona inayoikabili, pande zote mbili. Zikilingana kiti kimekaa sawa. Kiache usiku kucha, na usikikalie kabla ya saa 24.

Jiwe la kunolea usilibanie hela. Patasi nzuri butu inateleza na kukukata kuliko kali.

Namba waliyotumia nimeituma kwenda 15040, ile ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ya kuripoti matapeli, na nimefungua RB, yaani taarifa ya polisi yenye namba. Bidhaa bandia zenye jina la wengine ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC. Nao nimewapelekea picha za patasi na ile pamba yenye rangi.

Picha ya kuwatambua ni hii: seti imetandazwa juu ya kitambaa cha drafti za bluu, na kushoto kuna mkono wa mwanaume umeshika drili ya njano, kidoleni pete ya shaba. Jina la ukurasa watalibadilisha tena, picha wameshindwa kubadilisha mara mbili sasa. Ukiiona piga skrinishoti yenye tarehe. Na kama ulishaletewa mzigo wa namna hii, tunza karatasi ya basi na ujumbe wa muamala, ufungue RB hapo ulipo. Polisi niliyemwona aliniambia malalamiko yakiwa ya mtu mmoja yanakwenda polepole, kwa hiyo niandikie chini hapa mkoa wako na tarehe uliyotuma, nimpelekee.