Kompyuta mpakato kwa laki sita mpaka milioni: ipi ya kununua ukiwa Mbeya au Iringa

Madukani Mwanjelwa mteja akiingia tu anauliza, "Kati ya HP na Dell, ipi ngumu?" Muuzaji naye anajibu kulingana na mzigo alionao siku hiyo. Swali lenyewe halijibiki, kwa sababu HP hao hao wanaotengeneza EliteBook ya maofisini ndio waliotengeneza HP Stream ya plastiki, ambayo hifadhi yake ndogo imechomelewa kwenye ubao na haibadilishiki. Dell walikuwa na Latitude ya maofisini na Inspiron ya nyumbani, majina waliyoanza kuyaacha mwaka 2025. Lenovo wana ThinkPad, waliyoirithi walipokinunua kitengo cha kompyuta cha IBM mwaka 2005, na wana IdeaPad. Kwa hiyo uliza kwanza ni toleo gani, pili prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni ya kizazi gani, tatu hii iliyo mezani hapa ina hali gani. Jina la kampuni peke yake halikusaidii kitu.

Ninaandika kwa ajili ya mtu mwenye kati ya laki sita na milioni moja: mwanafunzi wa chuo cha MUST au Mkwawa aliyebana boom, ile fedha ya mkopo wa chuo, mwalimu wa Makete, mwenye stesheneri Makambako, karani wa ushirika (AMCOS) wa kahawa kule Mbozi. Kazi zao ni Word, Excel, mafaili ya PDF, mifumo ya mtandaoni, kikao cha video mara moja moja, na muvi usiku. Mwanafunzi wa uhandisi anayechora michoro mizito, au kijana wa kuhariri video za harusi, atahitaji mashine nyingine na fedha nyingine.

Kwa kiwango hicho cha fedha, mtumba wa ofisini unaishinda mpya ya bei rahisi, na sioni ubishi hapo. Makampuni ya Ulaya na Marekani hununua mashine hizi kwa bei kubwa, huzitumia miaka mitatu minne, kisha huzitoa zote kwa mkupuo. Zina bawaba za chuma, kibodi inayobadilishika, na nafasi ya kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, na fundi yeyote wa mjini ameshazifungua nyingi tu. Mpya ya bei ya chini, ile "full boksi" inayong'aa, mara nyingi ina Celeron, prosesa dhaifu ya Intel, na RAM ya GB 4 iliyochomelewa. Muda si mrefu inaanza kukwama ukifungua kurasa tano za intaneti, na pa kuongezea hakuna.

Soma namba ya prosesa kwanza

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, ukitoa chache sana za kizazi cha 7. Kwa hiyo makampuni huko nje yametoa mashine za kizazi cha 6 na cha 7 kwa wingi, na hizo ndizo unazoziona kwa bei ya kutupa: EliteBook 840 G3, ThinkPad T460, Latitude E7470. Muuzaji atakuwashia na kukuonyesha kwamba ina Windows 11. Ni kweli inayo, ila imeingizwa kwa kuruka ukaguzi, na Microsoft hawaahidi kuipelekea masasisho mashine ya namna hiyo.

Kizazi unakisoma kwenye namba inayofuata baada ya kistari. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Hapa ndipo wengi wanapopigwa, maana wanasikia "Core i7" wanadhani wameula. i7-4600U ni kizazi cha 4 na ina koo (core), yaani sehemu za kufanyia kazi, mbili tu. i5-8250U ina koo nne na inaiacha mbali, hata kama jina lake ni dogo. Usisome stika ya pembeni ya kibodi, stika zinabandikwa. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya "Kuhusu" kompyuta, usome namba yenyewe. Fanya hivyo hata jina la toleo likiwa sahihi, kwa kuwa baadhi ya 840 G5 zilitoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7.

RAM isipungue GB 8. Hifadhi iwe SSD, isiyo na kitu kinachozunguka ndani; hata ya GB 256 inatosha. Diski ya zamani inayozunguka haifai kwa mtu anayesafiri na begi mapajani kwenye barabara za vumbi za Ludewa.

Nafasi ya kwanza: ThinkPad T480

Ni ya mwaka 2018, si nzuri kwa sura, ni nyeusi tii na nene kidogo. Kinachoipa nafasi ya kwanza kwa watu wa nyanda za juu ni betri mbili: moja ndani, nyingine nyuma, inayochomolewa kwa kusukuma vilatchi viwili bila bisibisi. Ukiwa na betri ya nyuma ya akiba, unaitoa iliyoisha na kupachika nyingine huku mashine inaendelea kuwaka kwa ile ya ndani. Kwa mwalimu ambaye umeme ukikatika asubuhi haujulikani utarudi saa ngapi, hilo pekee linatosha kumaliza mjadala. Tena betri ya nyuma ikifa huhitaji fundi, unanunua nyingine na kuipachika mwenyewe.

RAM ina nafasi mbili, zote zinabadilishika. Kibodi yake, kwa maoni yangu, haina mpinzani kwa bei hii, na chini yake kuna vitundu vya kutolea maji, ingawa hiyo si ruhusa ya kuweka kikombe cha chai karibu.

Ina ugonjwa wake mmoja unaojulikana: programu ya ndani ya tundu la Thunderbolt, ambalo ni USB-C, ilikuwa na hitilafu, na Lenovo walitoa sasisho la kuirekebisha. Ambazo hazikusasishwa mapema tundu lake linaweza kufa, na ndilo tundu hilo la pembeni linalotumika kuchajia pia. Jaribu matundu yote mawili ya USB-C kwa chaja. Jambo la pili ni kioo. T480 nyingi zilitoka na kioo hafifu cha 1366 kwa 768 ambacho ukikitazama upande rangi zinageuka. Dai cha 1920 kwa 1080.

Halafu usichanganye na T480s. Hiyo ni nyembamba na inapendeza, lakini betri ni moja ya ndani na RAM nyingine imechomelewa. Mawinga wengi wanaitaja kama ni kitu kile kile.

Ya pili: HP EliteBook 840 G5 au G6

Ukiwa mjini, umeme unao na unataka mashine ya kuingia nayo kwenye usaili bila aibu, ruka T480 uje hapa. Mwili ni wa alumini, sauti ni nzuri, RAM ina nafasi mbili. G3 ni kizazi cha 6, G4 cha 7, G5 na G6 cha 8, ila kumbuka nilichosema juu ya G5.

Iangalie kwa macho mawili. Kwanza, nyingine zina kioo cha Sure View, kilichotengenezwa ili mtu wa pembeni asisome unachoandika. Kwa mwanasheria ni sawa. Kwa wanafunzi wanne waliobanana kitandani hosteli wakitazama mechi, watatu wataona giza. Hata ukikizima, huwa si king'avu kama cha kawaida. Pili ni nywila ya BIOS, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows. Washa huku ukibonyeza F10. Ikikudai nywila na muuzaji hana, rudisha mezani. Kwenye EliteBook nywila hiyo haitoki kwa kuchomoa kibetri cha ndani kama kwenye kompyuta za zamani, na siku utakapotaka kubadilisha kitu humo utakwama.

Ya tatu: Dell Latitude 5490 na 7490

Ni mashine nzuri sana, na kama umeipata yenye hali bora kuliko HP iliyo dukani, chukua bila wasiwasi. Nimeishusha kwa sababu ya chaja. Chaja ya Dell ya pini ya duara ina sindano katikati inayoitambulisha kwa mashine. Sindano ikipinda, au ukinunua chaja bandia barabarani, mashine itawaka lakini haitachaji betri, na prosesa itapunguzwa kasi mpaka ujiulize kama umeuziwa kimeo. Watu wamebadilisha betri bure kumbe ni chaja. Uzuri wake ni kwamba kila Dell ina namba ya herufi saba chini yake, Service Tag. Iingize kwenye tovuti ya Dell, utaona ilitoka kiwandani na vitu gani.

Mpya, kama ni lazima

Wapo ambao moyo haukubali mtumba, na ofisi nyingine hazinunui kitu kisicho kwenye boksi. Basi tafuta IdeaPad, Vivobook au Aspire yenye Core i3 au Ryzen 3, RAM GB 8 na SSD, na ujiandae kukaribia milioni au kuivuka. Chini ya hapo unanunua plastiki.

Toshiba bado inaulizwa na wazee wetu, na kweli zilikuwa ngumu. Lakini Toshiba waliuza biashara hiyo kwa Sharp, kuanzia 2018, wakaitoka kabisa 2020, kwa hiyo zilizobaki sokoni ni za umri. MacBook Air za 2013 hadi 2017 zinavutia kwa tufaha lake. RAM haiongezeki na Apple hawazipi tena mfumo mpya wa uendeshaji. Chromebook za mashuleni Marekani ziache, hazipokei programu za Windows.

Ukiwa dukani

Fika mchana, si jioni wanapofunga. Chomoa chaja mashine ikiwa imewaka uone kama itazima. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili linalotajwa hapo. Utaona namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake sasa. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, mwombe akupunguzie bei ya betri nzima. Fungua ukurasa mtupu uandike kila herufi, na uangalie mpangilio, kwani za Ujerumani zina Z mahali pa Y na za Ufaransa zinaanza na A mahali pa Q. Stika zilizobandikwa juu ya vitufe ndizo zinazokuambia imetoka huko. Kwenye BIOS ya Dell unaingia kwa F2, ThinkPad kwa F1.

Kuna mtego mwingine ambao hauonekani siku ya kununua. Mashine ambayo kampuni yake ya zamani haikuifuta kwenye usajili wake, siku ukiipiga Windows upya na kuiunganisha na intaneti itakudai barua pepe ya kampuni hiyo na haitakupitisha. Njia ya kuijua ni kumwambia muuzaji aifute na kuianzisha upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na mtandao. Inachukua muda, kanywe chai urudi.

Baridi ya Juni kule Njombe haitaiumiza, betri tu itaisha mapema kidogo. Adui ni vumbi la kiangazi linaloziba feni, kwa hiyo ipeleke kwa fundi akaisafishe walau mara moja kwa mwaka.

Kariakoo bei iko chini, na mzigo unapakiwa kwenye basi leo, kesho unao. Lakini ni zaidi ya kilomita 800 mpaka Mbeya, na ikifika na kasoro utatuma, utangoja, utapiga simu zisizopokelewa. Ninaona heri kuongeza elfu hamsini ukanunua kwa mtu ambaye unaweza kumfuata kwa bajaji. Mwambie aandike kwenye risiti ya EFD, au kwenye karatasi yenye mhuri, namba ya mashine iliyo chini yake pamoja na muda wa waranti, na itajwe kama betri na chaja zimo. Nyingi za waranti hizi huwa hazigusi betri, na hilo husemwa ukirudi nayo.