Packet Tracer kwa Mtahiniwa wa CCNA wa Unguja na Pemba

Kwa anayejitayarisha kwa mtihani wa CCNA, cheti cha kampuni ya Cisco cha ujuzi wa mitandao ya kompyuta, wenye namba 200-301, akiwa nyumbani kwake Mwanakwerekwe au Chake Chake, naipendekeza programu ya Packet Tracer, inayoiga mtandao na vifaa vyake kwenye kompyuta, kabla ya kifaa chochote cha kununua. Cisco huitoa bure kwa aliyejisajili na Networking Academy, mpango wake wa mafunzo, nayo hufanya kazi kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, hivyo umeme ukikatika usiku somo huendelea mpaka betri iishe.

Kilichonivutia zaidi ni uaminifu wake katika mambo madogo. Ukiunganisha kwa waya swichi mbili, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta katika mtandao, alama ya kiungo hubaki na rangi ya chungwa kwa takriban sekunde 30, yaani 15 za swichi kusikiliza na 15 za kujifunza mtandao kabla ya kupitisha data, ndipo igeuke kijani, kama ifanyavyo swichi halisi ya Cisco ya Catalyst 2960. Hapo mwanafunzi hushuhudia itifaki ya STP (Spanning Tree Protocol) ikifanya kazi yake ya kuzuia data isizunguke bila kikomo, jambo ambalo kitabu pekee hakilifikishi.

Kasoro yake ni kwamba amri nyingi za vifaa halisi hazimo. Mwenye uwezo, basi, aongeze swichi moja iliyokwishatumika pamoja na waya wa konsoli, wa kuipa amri kutoka kwenye kompyuta, na aiweke swichi hiyo mbali na upepo wa bahari, kwani chumvi hula chuma. Akikuta ina nenosiri la mmiliki wa zamani, ashikilie kitufe cha Mode wakati anapoiwasha, kisha afuate hatua za kulifuta. Zoezi hilo lina thamani kubwa kazini.